Peris Mkamburi, Mpima Watoto wa Voi (1931–1987)

Marehemu Peris Mkamburi Obadiah alizaliwa Ronge tarehe 14 Machi 1931, mtoto wa kwanza wa mzee Nehemiah Mwakio, mwalimu wa kanisa, na mama Mghoi. Alikuwa na miaka mitatu alipozaliwa mdogo wake Thadeus. Nyumba ilijaa wageni waliokuja kumwona mtoto mchanga, na ilipofika saa ya kula Peris hakuonekana. Alitafutwa shambani, akatafutwa mtoni, akaja kupatikana chini ya ghala la mahindi, amejikunyata. Baba yake alipomwuliza anafanya nini huko, alijibu, "Nangoja wageni waondoke na huyo mtoto wao." Mama Mghoi alisimulia jambo hilo maisha yake yote, na Peris kila alipolisikia alisema, "Na kweli nilingoja sana."

Inafaa isemwe mapema, maana wote walioko hapa wanajua, na mwenyewe hakuwahi kulificha: marehemu alikuwa mtu wa wivu. Hakumchukia mtu, wala hakumsema mtu nyuma ya mgongo. Ila alikuwa hawezi kuona mwenzake akipendwa zaidi yake bila kuumwa moyoni, na akiumwa hivyo alikuwa hatulii mpaka afanye jambo. Mengi aliyofanya mema, aliyafanya akiwa katika hali hiyo.

Alisoma shule ya misheni pale pale Ronge kuanzia mwaka 1939, kisha shule ya kati ya wasichana, akamaliza mwaka 1947. Darasani alikuwako msichana mmoja aliyesifiwa kwa mwandiko. Peris alikaa naye dawati moja muhula mzima, akaiga mkunjo wa kila herufi, hata mwalimu akawa hajui daftari hili ni la nani na lile ni la nani. Ule mwandiko mzuri ambao wengi wenu mmeuona kwenye kadi za watoto wenu, mnyofu na wa kulala kidogo kulia, ulipatikana namna hiyo. Mwaka 1949 alichukuliwa kufundishwa uuguzi msaidizi katika zahanati ya misheni kule milimani, akafanya kazi huko miaka saba.

Tarehe 18 Agosti 1956 alifunga ndoa na Bwana Obadiah Mwandawiro katika kanisa la Ronge. Bwana Obadiah alikuwa mfanyakazi wa reli, na mwaka uliofuata walihamia Voi, katika nyumba za reli. Mungu akawajalia watoto watatu: Donald, Mghoi na Noah. Bwana Obadiah anapenda kusimulia habari ya mahamri. Pale stesheni alikuwako mama mmoja aliyeuza mahamri na chai, na wafanyakazi wote wa reli walinunua kwake. Siku moja Peris alipita na kumwona mumewe anacheka na yule mama. Akapitiliza nyumbani. Kesho yake asubuhi Bwana Obadiah aliamka akakuta mahamri mezani, yamefunikwa kitambaa, na mkewe amesimama kando.

"Leo ni sikukuu gani, mama Donald?"

"Kula. Ukishiba hapa hutakuwa na la kuchekea kule."

Alikula mahamri ya nyumbani kila asubuhi mpaka alipostaafu. Anasema ya yule mama hakuwahi kuyaonja, alikuwa anawanunulia wenzake tu, lakini hakuona sababu ya kulieleza hilo.

Mwaka 1964 marehemu aliajiriwa katika kliniki ya mama na mtoto hapa Voi. Miaka michache baadaye alipita daktari mmoja mgeni, akakaa wiki moja, akawaonyesha wauguzi kwamba mtoto hapimwi kwa mizani peke yake. Mtoto anaweza kuwa mnene, mwenye afya, na bado shingo yake haijakaza wakati wake, au mkono mmoja hautumii, au anaitwa na haitiki. Akigunduliwa mapema, kabla viungo havijazoea ubaya na kabla akili haijakata tamaa, anaweza kusaidiwa. Wengine walisikiliza wakarudi kwenye mizani. Peris alikwenda sokoni, akanunua kiondo.

Kiondo hicho mnakijua. Ndani yake mlikuwa na vibiriti vitupu vya kupanga kimoja juu ya kingine, kipande cha leso nyekundu, kijiko kinachong'aa, kioo kidogo, maharagwe ya kuokota kwa vidole viwili, na mkebe wa kakao wenye punje za mahindi, wa kutikisa nyuma ya mtoto ili kujua kama anasikia. Mambo ambayo mtoto anayacheza, yeye alikuwa anayasoma. Mtoto wa mfanyakazi mmoja wa shamba la mkonge alikuwa hajasimama na umri umepita. Peris alimshika fundi wa mbao akamtengenezea vishikio viwili vya miti ya mkonge, vya kutembea katikati yake, na akamfundisha mama mtu kumnyoosha miguu asubuhi na jioni. Kijana huyo leo yuko hapa, na amekuja kwa miguu yake kutoka barabarani. Neno lake marehemu lilikuwa moja: mapema. Aliwaambia kina mama kwa Kidawida, kwa Kiswahili, na kwa Kikamba cha kuombea chumvi. Mapema.

Miaka ikaenda hivyo, na watoto wa Voi wakawa watoto wa Peris. Kisha mwaka 1979 akaja Dinah Kalondu.

Dinah yuko mbele hapa, na ametoa ruhusa haya yasomwe. Alikuwa mke wa mwalimu, mwenye miaka isiyofika thelathini, amesomea malezi ya watoto wadogo, akaletwa kliniki kusaidiana na Peris siku za Jumatano. Peris alipima akiwa kwenye kiti, mtoto mezani mbele yake, kimya, kila kitu kwa mpango. Dinah alitandika mkeka akakaa chini. Watoto waliokuwa wakilia kwa Peris walinyamaza kwa Dinah. Walimpanda mabegani, walimvua kilemba, na yeye huku anacheka alikuwa ameshaona mguu upi una shida. Haikupita muda, foleni ya kina mama ikaanza kupinda kuelekea mkekani.

Marehemu aliumwa na jambo hilo vibaya sana. Alikuja nyumbani akapika kimanga, muhogo na maharagwe ya kupondwa, akakiponda mpaka Bwana Obadiah akamwuliza hiyo sufuria imemkosea nini. Akaanza kwenda kliniki mapema kuliko mfagiaji, na akifika anausogeza mkeka wa Dinah mpaka dirishani, mahali ambapo jua la Voi likipanda haliwezi kukalika. Dinah akifika anatazama, anaketi pale pale, anajifunika leso kichwani.

"Dada Peris, jua leo limenipenda."

"Lina macho."

"Basi nitaiva kabla yako."

Na foleni ikamfuata juani. Peris akaurudisha mkeka kivulini mwenyewe, kwa sababu watoto walikuwa wanaungua.

Mwanzoni mwa mwaka 1982 alikuja kliniki mama mmoja kutoka Marungu, jina lake Katuku, na binti yake Katunge wa miaka mitatu na kidogo, ambaye alikuwa hajasema neno. Peris alimpima. Utaratibu wake ulikuwa huu: mama anakaa mbele ya mtoto ameshika kile kijiko ili mtoto atazame huko, na Peris anasimama nyuma, pembeni, asipoonekana, anatikisa mkebe wa kakao. Mtoto anayesikia hugeuka. Katunge aligeuka kulia, akageuka kushoto, kila mara upande wenyewe. Peris akaandika kwamba anasikia vizuri, na kuongea kutakuja.

Wakati Katuku anafunga mzigo wake aondoke, mtoto alikuwa amekwenda kukaa kwenye mapaja ya Dinah. Treni ya mizigo ikapita ikipiga honi ndefu. Watoto wote wakaruka. Katunge aliendelea kuchezea kifungo cha blauzi ya Dinah.

"Dada," Dinah akasema polepole, "huyu mtoto hasikii."

"Nimempima mimi."

"Najua umempima. Mpime tena. Honi ile imenirusha hata mimi."

"Huyo amezaliwa Marungu, reli iko pale pale. Treni kwake ni kama jogoo."

"Hata jogoo hamsikii, dada."

Kama maneno hayo yangesemwa na mtu mwingine, na daktari au mfagiaji, Peris angefungua kiondo pale pale. Lakini yalisemwa na Dinah, mbele ya kina mama, na mtoto yuko mapajani mwa Dinah. Alikifunga kiondo, akamwita anayefuata. Katuku akarudi Marungu na mtoto aliyeandikwa kuwa mzima. Kule pwani kulikuwa na darasa la watoto wasiosikia lililopokea wadogo, nafasi chache, kila Januari. Ukipita umri wake hupokelewi tena. Hilo Peris alilijua kuliko mtu yeyote hapa Voi.

Mvua za masika zikapita. Mwezi wa Novemba, mtu akamwambia Peris kwamba Dinah ameonekana Marungu, kwa kina Katuku, Jumamosi mbili. Hapo hakulala kitandani wala kukaa kitini. Asubuhi alimwambia mumewe, "Naenda Marungu. Kuna mtu ananichukulia watoto wangu nyumba kwa nyumba." Hakwenda kwa ajili ya sikio la mtoto. Alikwenda kwa wivu, na mwenyewe alisema hivyo kila alipolisimulia.

Alimkuta Katuku jikoni na Katunge ameketi kwenye benchi nje ya mlango, amegeukia upande wa zizi. Walisalimiana, uji ukamiminwa. Katuku akamwita mtoto, na papo hapo akapiga teke dogo mguu wa benchi. Mtoto akageuka, akaja.

Peris aliweka kikombe chini. "Kwa nini umepiga benchi?"

"Ndivyo tunavyomwita, mama. Ni mkaidi huyu. Ukimwita kwa mdomo anajifanya hakusikia. Ukigonga kitu, anakuja mbio."

"Wote mnagonga?"

"Wote. Hata bibi yake anagonga kwa fimbo."

Nyumba nzima ilikuwa imejifunza kumwita mtoto kiziwi kwa mtikisiko, na hakuna hata mmoja aliyejua kwamba amejifunza. Peris akaomba leso. Katuku akampa.

"Keti hapa mbele ya mtoto, kama siku ile kliniki. Sasa jifunike uso."

"Nijifunike?"

"Uso wote. Na usitikisike hata ukisikia nini."

Katuku akakaa amefunikwa kama bi harusi, na Peris akasimama nyuma ya Katunge na mkebe wake wa kakao. Akatikisa. Akatikisa tena, kwa nguvu. Mbuzi zizini wakainua vichwa. Katunge alikuwa anaitazama leso na kucheka, akidhani ni mchezo. Hakugeuka. Siku ile kliniki alikuwa hasikii mkebe. Alikuwa anafuata macho ya mama yake. Katuku, kwa hamu ya mtoto wake kufaulu, alikuwa anautazama mkebe kila ulipolia, na mtoto alikuwa anausoma uso ule kama wengine wanavyosoma kitabu.

Chini ya leso Katuku aliuliza, "Amegeuka, mama?"

"Hajageuka," Peris akasema. "Jifunue. Mtoto wako ana akili sana, na masikio yake hayafanyi kazi, na tumepoteza miezi kwa ajili yangu."

Huko Marungu akajua pia Dinah alikuwa anakuja kufanya nini. Alikuwa anamfundisha Katuku kuongea na mtoto kwa mikono, ishara za kula, kunywa, njoo, lala. Hakuwahi kumtaja Peris.

Safari ya kurudi Voi ilikuwa fupi, ila kutoka stendi hadi nyumbani kwa Dinah, kwa jinsi marehemu alivyosimulia, palikuwa mbali kuliko Ronge. Katunge alipaswa kupelekwa hospitali Mombasa apimwe kwa mashine kabla ya Januari, na mashine hiyo inataka mtoto aliyetulia. Kwa Peris mtoto huyo alikuwa analia. Kwa Dinah alikuwa anatulia. Hapakuwa na njia ya pembeni.

"Hodi."

"Karibu, dada! Ingia, keti."

"Siketi. Mtoto wa Katuku hasikii."

Dinah alikuwa anachambua mchele. Hakuinua uso. "Ehee. Nani kasema?"

"Kasema aliyesema kwanza."

"Ana jina?"

"Dinah, usinichoshe."

"Sikuchoshi, dada. Nataka kulisikia tu, leo na mimi niandikwe."

"Amesema Dinah Kalondu. Umeridhika? Sasa tafuta nauli, tunakwenda Mombasa Jumatatu."

Dinah akacheka mpaka mchele ukamwagika, na Peris akainama akamsaidia kuuokota, bado amenuna.

Walipanda treni watu wanne, Peris, Dinah, Katuku na mtoto. Katunge alikaa mapajani mwa Dinah. Walipofika karibu na Mariakani aliteremka, akavuka, akapanda mapajani mwa Peris, akakaa huko mpaka Mombasa. Peris hakusogea, hata mguu ulipokufa ganzi. Walipokuwa wanashuka akamwambia Dinah, "Umeona? Amekuja mwenyewe."

"Amefuata dirisha, dada. Dirisha lilikuwa upande wako."

Maneno hayo yalibishaniwa miaka mitano. Yalibishaniwa kliniki, kanisani, sokoni. Anayetaka kumchokoza Peris alikuwa anamwuliza tu habari za dirisha.

Katunge alipata nafasi. Alianza darasa kule pwani Januari 1983. Baada ya hapo Peris hakumpima tena mtoto kabla ya kumfunika mama yake leso, na leso hiyo ikaingia kiondoni kukaa na mkebe. Wauguzi waliopita mikononi mwake wanafanya hivyo mpaka leo, wengine bila kujua ilikotoka. Na yeye na Dinah waliendelea kufanya kazi chumba kimoja, meza huku, mkeka kule. Msidhani wivu uliisha. Mwaka 1984 mtoto mmoja alimwita Dinah "mama" mbele yake, na Peris hakunywa chai siku hiyo. Lakini kila mtoto aliyempima, akimaliza, alimteremsha mezani na kumwambia mama yake, "Sasa mpeleke pale chini naye amwone." Na Dinah naye alipeleka mezani.

Marehemu alianza kusumbuliwa na presha mwaka 1985. Ijumaa tarehe 17 Julai 1987 alipatwa na kiharusi akiwa nyumbani, upande wa kulia ukalegea na ulimi ukawa mzito. Alilazwa hospitali hapa Voi. Dinah alifika kesho yake na vibiriti vitupu mfukoni, akavipanga juu ya meza ya kitandani kana kwamba anachezea tu.

Peris alivitazama. "Unanipima."

"Nakuamkia tu, dada."

"Kwa vibiriti?" Akakusanya maneno yake taratibu. "Na umeviweka vibaya. Vinaanza upande wa mkono mgonjwa."

"Basi anza na huo mkono mgonjwa."

"Kesho."

"Wewe umewaambia kina mama wote wa wilaya hii mapema. Leo kwako imekuwa kesho?"

Alinuna. Kisha akauburuta ule mkono wa kulia juu ya meza, akakisukuma kibiriti kimoja mpaka kikagusa kingine. Dinah akaja kila siku. Kufikia Agosti mkono uliweza kuinua kibiriti.

Katika likizo ya Agosti, Katuku alimleta Katunge kumwona. Alikuwa anakaribia miaka tisa, sare ya shule imemkaa vizuri. Bwana Obadiah na watoto walikuwako. Dinah alikuwa ameketi kwenye kiti kando ya dirisha, na dirisha hilo linatazama reli. Katunge alisimama mlangoni, akamsalimu kila mtu kwa mikono. Akatembea, akampita Dinah, akalipita dirisha, akapanda kitandani akaketi ubavuni mwa Peris, akaushika ule mkono wa kulia akauweka mapajani mwake.

Nje treni ikapita. Katunge hakugeuka.

Peris alimtazama Dinah kwa muda, kisha akasema, neno moja moja, na kila mtu chumbani akasikia:

"Dirisha liko upande wako."

"Nimeona, dada," Dinah akasema. "Nimeona."

Kiharusi cha pili kilimpata wiki mbili baadaye, na Jumapili tarehe 6 Septemba 1987, asubuhi watu wakielekea kanisani, alituacha. Anazikwa leo Jumamosi tarehe 12, kule Ronge, mita chache kutoka lilipokuwa lile ghala. Kaburini Katunge ataweka ua la kwanza. Kiondo kimerudi kliniki. Kimetundikwa katikati ya meza na mkeka, kama alivyoelekeza, kisisogezwe upande wowote.

Marehemu ameacha mume, Bwana Obadiah Mwandawiro; watoto Donald, Mghoi na Noah; mkaza mwana Alice; wajukuu watano; na mdogo wake Thadeus, yule aliyengojewa aondoke. Ameacha pia watoto wengi wa Voi, Marungu na milimani ambao hawawezi kuorodheshwa hapa.

Kuhusu orodha hii aliacha agizo. Alimwambia binti yake Mghoi, "Dinah mtamwandika. Mwandikeni mwisho."

"Mwisho baada ya nani, mama?"

"Baada ya wajukuu. Ningesema baada ya mbuzi, lakini kanisa haliandiki mbuzi."

"Na tumwandike ni nani wako?"

Mghoi anasema mama yake alifumba macho, hata akadhani amelala. Kisha akasema la kuandikwa, nasi tumeliandika kama alivyosema.

Ameacha mdogo wake, Dinah Kalondu.

Mungu ampe Peris wetu pumziko lenye amani, na ampokee mapema.